Fremu Nne Ukutani: Maisha ya Marehemu Baba Yetu, Fundi Lete-Nione (1949–2023)

Ndugu, jamaa, majirani na wateja wa karakana, tumekusanyika leo Ijumaa, tarehe 20 Oktoba 2023, kumsindikiza baba yetu. Mimi ni mtoto wake wa pili, karani wa mahakama, na nimepewa kazi ya kusoma maisha yake. Kabla sijaanza, naomba mtu yeyote asitoke. Ndani ya maisha haya kuna habari ya kaka yangu mkubwa, yule aliyeketi mbele mwenye shati la kijivu, ambaye kwa miaka minne mtaa huu umemwita tapeli wa vipimo. Baba aliagiza habari hiyo isomwe hapa hapa makaburini, kwa sababu alisema mazishini ndiko watu huona haya kuondoka katikati ya maneno. Mkandarasi wa shule, nimekuona. Tafadhali kaa.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1949, mtoto wa tano kati ya saba wa baba mkulima na mama mfinyanzi. Nasema 3 Juni kwa tahadhari. Kitambulisho kinasema Juni, cheti cha shule kinasema Julai, na shangazi yetu, dada yake pekee aliye hai, anasema vyote viwili ni uongo kwa sababu anakumbuka mvua kubwa. Nilipomuuliza marehemu mwenyewe, alijibu, "Nilikuwepo, lakini sikuwa makini." Tukakubaliana tuandike Juni.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1957 hadi 1964. Maisha yake yote alitusimulia kwamba alikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu. Nilifuatilia. Mzee aliyesoma naye yuko hapa mstari wa pili, naye ananiambia marehemu alikuwa wa nne, na kwamba wa kwanza alikuwa yeye mzee mwenyewe. Sasa hapo nimwamini nani? Lakini wote wawili wanakubaliana juu ya jambo moja: akiwa na miaka kumi na miwili, marehemu alikataa kutumia rula ya darasa, akaja na yake aliyoichonga nyumbani. Mwalimu alimchapa. Kisha mwalimu akazilinganisha rula mbili, akakuta ile ya darasa imelika ncha, imepungua karibu upana wa ukucha. Tangu siku hiyo marehemu hakuamini kitu chochote alichokabidhiwa na mtu, na bahati mbaya mara nyingi alikuwa sahihi.

Mwaka 1965 alianza kujifunza useremala kwa mjomba wake, na mwezi Machi 1974 akafungua karakana yake mwenyewe, ile ile mnayoijua pale nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Kazi yake kubwa ilikuwa milango na fremu za madirisha. Jina la Lete-Nione alipewa na wauza mbao. Ukimwambia ubao umekauka, anasema, "Lete, nione." Ataugonga kwa kifundo cha kidole, ataupima uzito mkononi, ataunusa ncha zote mbili, kisha atakutazama wewe muuzaji kana kwamba na wewe anataka kukugonga. Kuna muuzaji mmoja alikuwa akimwona kwa mbali anajifanya ameenda kunywa chai. Lakini dirisha la Lete-Nione lilikuwa likifunga kwa kidole kimoja, na mnaoishi nalo mnajua.

Marehemu alifunga ndoa na mama yetu, mpishi wa shule, Jumamosi tarehe 11 Septemba 1976. Walijuana kwa sababu ya dirisha. Aliitwa nyumbani kwa kina mama kutengeneza dirisha la jikoni, akalitengeneza Jumatatu. Alhamisi likaharibika. Akaja. Jumatatu iliyofuata likaharibika tena. Bibi yetu, mzaa mama, naye hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi, akajibanza nyuma ya mlango akamkuta fundi analegeza skrubu za bawaba kwa mkono wake mwenyewe. Bibi akamwambia, "Kijana, ukimtaka binti yangu sema, usiniharibie nyumba." Hiyo ndiyo posa yenyewe, nasi hatujui nyingine. Walibarikiwa watoto watatu: kaka mwaka 1978, mimi 1981, na mdogo wetu wa mwisho 1986.

Kaka alijifunza kazi kwa baba miaka kumi. Mwaka 2006 akaiacha randa, akaingia kwenye madirisha ya aluminiamu. Marehemu hakugombana naye. Alinuna tu, akawa kila akipita karakana ya kaka anaigonga fremu moja kwa kifundo cha kidole na kuuliza, "Mbona ndani tupu?" Kaka anamjibu, "Ndani tupu, baba, ila haivimbi." Wanacheka wote wawili, kila mmoja akiwa na lake moyoni.

Sasa tufike kwenye nyumba. Marehemu alianza kujenga mwaka 2011, na Novemba 2013 yeye na mama wakahamia. Paa lilikuwepo, milango ilikuwepo, ila matundu tisa ya madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mbao za kumwagia zege. Mtauliza: fundi wa madirisha, nyumba yake haina madirisha? Ndiyo. Marehemu alikuwa anajua mno. Alituambia miti siku hizi inakatwa michanga, ubao unauzwa mbichi, mvua ikija unavimba dirisha halifungi, jua likija unasinyaa upepo unapita, na usipoupaka mafuta kila mwaka unapasuka. Wateja aliwaambia hivyo hivyo, wakaitikia, wakaenda zao wasipake chochote. Kwa hiyo mbao aliziogopa kwa sababu alizijua, na vitu vingine aliviogopa kwa sababu hakuvijua.

Kaka alikuja na wazo zuri. "Baba, niachie mimi madirisha yote tisa. Iwe zawadi yangu kwako na mama."

"Zawadi ya madirisha tisa? Kuna nini ndani?"

"Ndani ya nini, baba?"

"Ndani ya zawadi."

Haya basi. Badala ya kupokea, marehemu akatangaza kipimo. Alitengeneza fremu nne ndogo, kila moja ukubwa wa sinia: moja ya mbao isiyopakwa kitu, moja ya chuma kutoka kwa mchomeleaji, moja ya aluminiamu kutoka kwa kaka, na moja ya plastiki aliyoikuta kwenye duka la vifaa. Akazifunga kwenye ukuta wa nyuma unaotazama magharibi, mahali jua la alasiri linapopiga na mvua inapokuja ya ubavu. Kila moja akaitia alama yake ya patasi, akaandika tarehe kwenye daftari: Jumamosi, 1 Februari 2014. Itakayokuwa nzima baada ya miaka mitano, hiyo ndiyo itakayoingia ndani ya nyumba. Mama yetu aliposikia miaka mitano alitafuta kiti akaketi.

Kila Jumamosi marehemu alizikagua kwa miwani, kisu na nyundo ndogo. Mama kwa upande wake alipika mchana kwa taa, akaanua nguo akaziingiza kwenye vyumba vyenye giza, akafagia maji ya mvua yaliyopenya kwenye nyufa za mbao. Tulimsihi marehemu aweke hata dirisha moja la muda. Akasema la muda ndilo linalokaa milele. Hapo palikuwa na ukweli, lakini aliyekuwa gizani ni mama.

Jumamosi tarehe 2 Februari 2019 tulikusanyika uani, na majirani wakachungulia juu ya ukuta kana kwamba ni mechi. Marehemu alizishusha fremu nne akaziweka mezani. Ya chuma ilikuwa imeliwa na kutu kwenye pembe zote zilizochomelewa. Ya plastiki ilikuwa imegeuka njano na kupinda, ingawa marehemu alikiri mbele ya wote kwamba ile ilikuwa nyepesi, haina chuma ndani, na kwamba iliyo nzuri isingepinda hivyo. Alikuwa mwenye shaka, hakuwa mwonevu. Ya aluminiamu ilikuwa nzima, imefifia tu, ila skrubu zake zilikuwa na kutu kwa sababu alizitia za chuma cha kawaida, kosa lake mwenyewe. Na ya mbao, jamani, ilikuwa nzima. Haina ufa. Haijavimba, haijageuka kijivu. Mdogo wetu akapiga vigelegele, mama akapiga makofi. Tukajua madirisha yameingia.

Marehemu hakutabasamu. Aliigeuza fremu ile, akaigonga, akainusa ncha mbili, akaiweka chini. "Hii si mbao yangu," akasema.

"Alama yako si hiyo hapo?" mama akamwambia, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Alama yangu wanaijua kuichonga watu wawili, mimi na huyu." Akamwelekezea kaka kidole. "Ubao mtupu miaka mitano juani hauwezi kuwa hivi. Umenibadilishia. Umeniwekea mpya ili mbao ishinde. Umenionea huruma mimi?"

Kaka aliichukua ile fremu, akaisogeza usoni, akaitazama kidogo. Kisha akamtazama mama. Akairudisha mezani. "Sikubadilisha kitu, baba," akasema.

Ndipo marehemu akasema yale maneno, na aliyasema langoni kwa sauti ya kusikika: "Fundi anayechezea kipimo cha baba yake, cha mteja atakiacha?" Kabla ya wiki kwisha maneno hayo yalikuwa yamefika duka la vifaa, yamefika kwa wachomeleaji, yamefika kwa mkandarasi aliyekuwa amempa kaka madirisha arubaini na mawili ya shule. Kazi ile ikaondolewa mkononi mwake. Wateja wakaanza kumjia na futi kamba zao wenyewe, wapime mara mbili nyuma yake. Kaka akapunguza mafundi wawili, na akaacha kuja nyumbani.

Na mimi? Kwa sababu nasema ya wengine, niseme na yangu. Mwaka 2020 nilipomaliza kijumba changu niliita fundi mwingine. Nilijiambia kaka yuko mbali. Karakana yake iko mitaa miwili kutoka kwangu. Kazini kwangu nimezoea kusikia watu wawili wakiapa vitu viwili tofauti, nikaona afadhali nisichague, kumbe kutochagua nako nilikuwa nimeshachagua. Madirisha yale yanavuja mpaka leo. Naona aibu, kaka, na siyo kwa sababu ya maji.

Marehemu alikibatilisha kipimo cha kwanza, akaanza kipya. Safari hii alizijengea fremu zake kizimba cha waya na kukitia kufuli, ufunguo ukawa shingoni mwake. Masika ya pili ile ya mbao ikavimba, na jua lilipotoka ikapasuka kuanzia kona hadi kona. "Mmeona?" akatuuliza. "Nilisema au sikusema?" Alikuwa amethibitisha kwamba ile ya kwanza iliguswa, na sisi sote tukaamini kwamba aliyeigusa ni kaka. Mama alikitazama kile kizimba, akaingia ndani kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Januari 2023 marehemu alianza kukohoa. Mwezi Juni alilazwa, na daktari akatueleza kwamba vumbi la mbao la miaka zaidi ya hamsini limekaa kwenye mapafu. Marehemu aliomba aione ile picha ya kifua. Aliitazama dhidi ya mwanga, akauliza, "Na mna uhakika hii ni ya kwangu?" Ikabidi wampige nyingine. Alipoona zinafanana akanyamaza, na hapo ndipo nilipojua kwamba anaumwa kweli. Agosti aliomba arudi nyumbani, na mama akamtandikia kitanda kwenye chumba cha magharibi.

Jumapili tarehe 3 Septemba, alasiri, mvua ilikuja ya ubavu. Maji yakapita kwenye nyufa za zile mbao, yakaanguka juu ya blanketi la mgonjwa. Mama na mimi tulisukuma kitanda, maji yakakifuata. Mama akasimama katikati ya chumba, ameshika ndoo, akasema, "Ni mimi."

"Wewe nini?" marehemu akauliza.

"Ile fremu ya kwanza. Niliipaka mafuta. Yale mafuta yako ya kwenye kopo, kila mwezi, siku unayokwenda kununua mbao."

"Miaka mitano?"

"Miezi sitini. Sikuruka hata mmoja."

"Kwa nini, mama watoto?"

"Nilitaka dirisha!" Mama yetu hapigi kelele, lakini siku hiyo alipiga. "Nilijua kitu kingine hutakikubali. Nikasema basi mbao ishinde, kesho yake atashika randa. Kumbe najichimbia kaburi."

"Na mtoto ukamwacha aubebe mzigo wako?"

Mama akalia. Alisema aliogopa, kila siku alisema kesho, na zile kesho zikawa miaka.

Msidhani marehemu aliamini papo hapo. Alisema, "Lete hicho kitambaa, nione." Mama akakitoa chini ya sinki, kimekauka kama kipande cha ngozi. Marehemu alikinusa. Akakinusa tena. Kisha akanipa mimi. "Kinanuka?"

"Kinanuka mafuta ya mbao, baba."

"Sana?"

"Sana. Hata wewe..."

"Mimi sinusi kitu tangu mwaka 2003," akasema. "Vumbi liliua pua."

Lo! Miaka ishirini mtu ananusa mbao za watu na wauzaji wanatetemeka, kumbe hana pua. Nilimuuliza ilikuwaje. Akasema wauzaji walikuwa wanaogopa, na hilo lilitosha. Mimi nilicheka, kisha nikakumbuka kaka alivyoisogeza fremu usoni mbele yetu wote, na kicheko kikanikauka.

Kaka aliitwa, akaja Jumanne tarehe 5. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Marehemu hakuzungukazunguka. "Ulijua?"

"Nilijua, baba. Nilinusa siku ile ile."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungemfokea nani?"

Sisi wanawe hatukuwahi kumsikia baba yetu akiomba radhi kwa mtu yeyote, na siku hiyo aliomba, kwa jina kamili la kaka, jina ambalo hata mke wake kaka halitumii. Kaka aliketi ukingoni mwa kitanda akalia kama mtoto, na sioni vibaya kulisema hapa. Halafu marehemu akasema, "Sasa chukua futi kamba upime hilo tundu. Nami nitapima baada yako." Kaka akapima. Marehemu akainuliwa, akapima. Vipimo vikalingana.

Na kwa wale mnaojenga, mliokuwa mkimuuliza marehemu miaka yote fremu ipi ni bora na yeye akiwajibu "subirini kipimo," jibu lake hili hapa, alilitoa akiwa kitandani. Upande unaopigwa na mvua na jua weka aluminiamu, lakini ibonyeze ukingo kwa kidole gumba kwanza, ikibonyea, rudisha. Na skrubu zisiwe za chuma cha kawaida. Chini ya baraza, mahali pakavu, mbao iliyokauka inafaa, ila uipake mafuta, na kama unajua hutapaka, usijidanganye. Chuma kinataka rangi kila mara. Plastiki nzito yenye chuma ndani alisema hajaipima, kwa hiyo hana la kusema.

Jumamosi tarehe 16 Septemba dirisha la kwanza liliingia chumbani mwake. Aliagiza nje pamwagwe ndoo kumi za maji kwenye kioo, naye ndani akapitisha kiganja ukingo wote. Kilikuwa kikavu. Akaagiza ndoo ya kumi na moja. Siku zile zilizobaki alilala akitazama nje, na mama aliketi upande wa pili wa kitanda akishona mchana bila taa. Kaka alimaliza mengine nane tarehe 7 Oktoba.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 17 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Sote tulikuwepo. Siku tano kabla ya hapo aliniuliza kama nimeanza kuandika wasifu wake. Niliona vibaya, nikakana. Akasema, "Lete, nione." Aliusoma wote, akafuta "mvumilivu" mahali nilipokuwa nimeandika, akasema watu watacheka. Habari ya mama nilitaka kuiacha. Mama mwenyewe akasema, "Isome. Nimenyamaza vya kutosha." Kisha marehemu akafika kwenye orodha ya waliobaki, akaomba penseli yake ya useremala.

Marehemu ameacha mjane, dada mmoja, watoto watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja. Mimi nilikuwa nimeandika: mtoto wa kwanza, fundi wa madirisha. Sasa nasoma alivyoandika yeye, kwa mkono wake, herufi zimetetemeka lakini zinasomeka:

"Mtoto wangu wa kwanza. Fundi mwaminifu. Nimempima nyuma yake mara tisa, madirisha tisa, sikukuta kosa. Kosa lilikuwa langu. Anayetaka kumpima tena aje anipime mimi."

Kaka, simama watu wakuone.

Na baba sasa apumzike.